Mayai Mawili

Kopo namba mia na kumi na saba.
Kifuniko chekundu, limeviringwa karatasi ya unga.
Jina: Nasambu. Umri: saba. Baba: Mukhwana.
Simwambii mwenzangu kuwa huyo baba ni pacha wangu.
Nachota kwa kijiti kiasi cha punje ya harage,
nakamua kwenye wavu, nafunika kwa utando wa kijani,
nainamisha jicho.

Yamo.
Mayai ya kahawia, ganda lina vinundu
kama ngozi ya fenesi.
Nahesabu kwa kidude cha kubofya,
kisha nazidisha kwa ishirini na nne, kama tulivyofundishwa,
na jumla inakataa kuenea kwenye kisanduku cha fomu.

Pale Chwele tulikula sinia moja.
Ugali mmoja, mrenda mmoja, mapera yaleyale
ya kuokota chini na kufutia kwenye kaptura.
Choo kimoja, mlango wake gunia.
Hata udongo wa kichuguu tuliutafuna pamoja.
Na kila gari la dawa lilipokuja shuleni,
tembe ileile nyeupe, maji ya kikombe kilekile,
mimi niliamka kesho yake kama jana;
Mukhwana aliamka akilia, akamwita mama nyuma ya nyumba,
na mama akachukua jembe, hasemi kitu.
Miezi mitatu, tumbo lake likawa ngoma tena.

Siku Mwalimu Chesoli alipoandika MCHANGO ubaoni
darasa zima lilidhani tunatozwa pesa.
Kumbe mnyoo.
"Mukhwana alishatoa wake!" mtu akapaza sauti.
Nilicheka. Nilicheka kuwashinda wote.

Mwisho wa muhula nikatunukiwa usafi:
kipande cha sabuni ya mche, mbele ya paredi,
mimi ambaye sikunawa.
Jioni mama alimsugua ndugu yangu kwa gunzi
mpaka vidole vikachubuka,
kwa sababu Nasipwondi alikuwa amesema kando ya mto Kuywa
kwamba nyumba hujulikana kwa matumbo ya watoto.
Nami kizingitini, nanusa sabuni yangu.

Sasa nimevaa koti jeupe.
Mwezi uliopita daktari wa utafiti alituchorea kwa chaki:
wapo ambao miili yao huwatambua wageni hawa mapema
ikawatimulia mlangoni,
na wapo ambao miili yao huchelewa kushtuka,
mgeni akatandika mkeka, akazaa.
Uchafu ni njia, alisema, lakini njia moja
haiwafikishi wote mahali pamoja.
Huenda ni herufi chache tu, katika maandishi
tunayorithi bila kuyasoma.
Alisema huenda mara nne. Niliziandika zote.

Na mapacha wasiofanana? nikauliza.
Mayai mawili, akajibu. Ni ndugu tu
waliobanana safari moja.
Nikatoka nje, nikajifanya napokea simu.

Jioni naenda kwake, tembe mfukoni.
Namkuta uani, ameinama juu ya beseni,
kiganja cha Nasambu mkono huu, gunzi mkono ule.
"Huyu mtoto," ananiambia bila kuinua uso,
"sijui amefanana na nani."

Nachuchumaa. Nalichukua gunzi.
Nilikuwa nimepanga kumweleza habari za herufi,
nimeipanga njia nzima,
lakini kinachotoka ni:
"Mikono yake ni safi, Mukhwana.
Hata yako ilikuwa safi.
Ile sabuni haikuwa yangu."

Haulizi sabuni gani.
Kuku anapita katikati yetu.
Nasambu anauliza kama sasa anaweza kwenda kucheza,
na anapokimbia, povu bado liko kwenye beseni.
Natumbukiza mikono yangu,
hadi kwenye viwiko.